Chuma cha Siku Hizi

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa karakana ya baiskeli ya Fundi Spoki. Mimi nakaa mbele yake na jiko la mkaa na birika, ndiyo maana wananiita Mama Birika, ingawa jina langu ninalo na hakuna anayeliuliza. Mlango wa karakana uko hapo hapo pembeni, kwa hiyo Fundi akipiga chafya ndani, sisi huku nje tunamwombea afya. Wateja wangu wa kudumu ni watatu. Kuna Jaji, ambaye hakuwahi kuwa jaji. Alikuwa karani wa mahakama mpaka akastaafu, na baada ya kuandika hukumu za wenzake maisha yake yote, sasa anazitoa mwenyewe. Kuna Redio, muuza viatu vya mtumba, ambaye habari ikipita mtaa wa tatu yeye anasema ameshaisikia jana yake. Na kuna Kipimo, fundi cherehani, mtu mpole, anayejua viuno vya watu wote na siri za wengi. Nawauzia kahawa. Kuwakatiza ni bure.

Siku hiyo tulikuwa tunasubiri mzigo. Ngoja niseme mzigo gani, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini watu wazima walikuwa wanaangalia barabara kama watoto wanaomsubiri mama yao arudi sokoni.

Fundi Spoki ana kazi moja ambayo mafundi wengine hapa hawaifanyi. Fremu ya baiskeli ikiliwa hesi, ile mistari ya kukazia skrubu, pale inapopita ekseli ya pedeli, wengine wanakwambia tupa, nunua nyingine. Yeye anazikata upya. Ana vyuma viwili vizito vyenye meno, kimoja cha kukata hesi ndani ya bomba, kingine cha kusawazisha mdomo wa bomba ili kila kitu kikae sawa. Alipewa na mwalimu wake siku alipohitimu ufundi, na kwa vyuma hivyo amemlea binti yake, amemzika mkewe kwa heshima, na baiskeli za nusu ya mji huu zinatembea. Zamani alikuwa anakata peke yake huku anapiga mluzi. Halafu kazi ikaanza kuwa nzito. Akaanza kuita mtu mmoja amshikie fremu. Kisha wawili. Mwisho ikawa benchi zima linaingia ndani, Jaji na Redio kwenye mpini wa kuzungushia, Kipimo amekumbatia fremu iliyobanwa kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, na Fundi mwenyewe anadondosha mafuta na kusema taratibu, taratibu. Wakitoka humo wamelowa jasho, na Kipimo ana alama ya bomba shavuni.

Fundi akaamini mkono wake umekwisha. Bega lilikuwa linamuuma kweli, hilo sikatai. Binti yake, ambaye ameolewa mbali, akamwambia, baba funga karakana, njoo ukae na sisi, chumba kipo. Na Fundi akakubali nusu. Nusu nyingine ikabaki kwa sababu ya mteja mmoja aliyekuja kuziba pancha. Mtu huyo alikuwa anafanya kazi kwenye mashine za kuchonga chuma. Akachukua kile chuma cha kukata hesi, akapitisha jino la chuma hicho juu ya ukucha wa dole gumba. Likateleza. Akamuuliza Fundi amevinoa lini mara ya mwisho.

Fundi akamjibu, kwa unyofu kabisa, ``Kwani vinanolewa?''

Jamani. Miaka yote hiyo. Lakini msimcheke, maana tupa ya kunolea haiingii kwenye chuma kile, na mwalimu wake hakumwambia chochote, na sisi tuliokuwa tunasukuma hatukuwaza. Basi vikafungwa kwenye gunia, vikapelekwa kwa basi hadi mji mwingine, kwa mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, kunoa vyuma vinavyokata vyuma. Fundi akapatana na binti yake hivi: vikirudi, atakata fremu moja peke yake, bila mtu kumgusia mpini. Akiweza, anabaki. Akishindwa, mwisho wa mwezi anafunga. Fremu yenyewe ilikuwa inaning'inia msumarini mlangoni, ya bluu, ya muuza mkate.

Ndiyo siku tuliyokuwa tunaisubiri. Na watu wakiwa na hofu, wanabishana.

Kipimo: Mimi nilimpa mtu mkasi wangu anoe. Ulirudi unang'aa kama kioo. Kitambaa ukawa unakitafuna.

Redio: Huyo alikubadilishia. Wanoaji wa siku hizi ndiyo zao. Unampa cha kwako, anakurudishia cha marehemu.

Kipimo: Marehemu gani?

Redio: Yeyote. Marehemu hawaulizi vitu vyao.

Jaji: Tulieni. Tutazame jambo lenyewe. Kunoa ni nini? Kunoa ni kupunguza. Chuma kikipungua, tundu linabadilika. Tundu likibadilika, pedeli inacheza. Pedeli ikicheza, mkate unamwagika barabarani. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Mimi: Hapo asali ni nani?

Jaji: Mama Birika, methali haiulizwi maswali. Inapokelewa.

Redio: Mimi nasema vile vyuma havina kosa. Fundi naye hana kosa. Kosa ni chuma cha siku hizi. Fremu za zamani zilikuwa laini, unakata kama muhogo. Za sasa wanayeyusha reli mbovu, wanachanganya na nanga, na milango ya magereza.

Kipimo: Magereza?

Redio: Chuma kilichozoea kufunga watu kitakubali vipi kufunguliwa?

Hapo nilimwongezea kahawa ili anyamaze kidogo. Haikusaidia, maana Jaji naye alikuwa ameshapata nadharia, na nadharia ya Jaji huwa inaanza polepole na kwenda mbali.

Jaji: Reli si hoja. Hoja ni jua. Dunia imepata joto, hilo hata mtoto anajua. Udongo ukipigwa na jua unakuwaje?

Kipimo: Mgumu.

Jaji: Umejijibu mwenyewe. Chuma kinatoka wapi? Udongoni.

Mimi: Na vijiko vyangu je? Vinakaa juani kutwa nzima. Redio alikipinda kimoja juzi akifungulia kopo la rangi ya viatu.

Redio: Kile kijiko ni cha zamani.

Mimi: Nilikinunua wewe ukiwepo.

Redio: Basi ni simu. Nilikuwa sitaki kusema. Haya mawimbi ya simu yanapita wapi? Yanapita kwenye kila kitu. Yanabana chuma kutoka ndani. Angalia, fremu zilianza kuwa ngumu lini? Zilipoanza simu za kioo. Samaki mkunje angali mbichi.

Jaji alitafakari hilo la samaki, nikaona amelipenda na ameona wivu kwamba halikutoka kwake.

Kipimo, ambaye kawaida anafuata upepo, safari hii akaleta la kwake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba labda fremu zinajua mwenye baiskeli ana tabia gani. Kwamba fremu ya yule mpangishaji nyumba mkali iliwatoa jasho kutwa, ila ya mwalimu wa chekechea ilikubali kabla hawajamaliza kikombe. Wenzake wakamtazama. Redio akasema hilo halina sayansi. Mtu aliyetoka kusema magereza.

Halafu Kipimo akasema tena, bila kuinua macho.

Kipimo: Na akishindwa leo?

Nikachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

Jaji: Kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi namshauri asijaribu peke yake. Tupo. Tutasukuma. Kwani nani amelalamika?

Redio: Wewe umelalamika. Juzi ulisema kiuno.

Jaji: Kiuno ni changu. Nimelalamika kwa kiuno, sijalalamika kwa Fundi.

Papo hapo Fundi akatoa kichwa mlangoni. Mtu mrefu, mwembamba, mvi zimemwanzia masikioni. Akauliza kama basi limepita. Nikamwambia limepita na hakuna kilichoshuka. Akasema haya. Akasimama kidogo akiangalia ile fremu ya bluu, akaifuta vumbi ambalo alishalifuta asubuhi.

Fundi: Nimeshapanga spana kwenye sanduku. Za kugawa nimeziweka pembeni. Kama ni kwenda, nisije nikaenda kwa vurugu.

Nikamwambia, ``Shemeji, usifunge sanduku la safari ambayo hujaambiwa.'' Namwita shemeji kwa sababu marehemu mkewe alikuwa dada kwangu, si wa tumbo moja, wa maji ya kisima kimoja. Akatabasamu, akarudi ndani. Tukamsikia anasogeza vitu ambavyo havikuhitaji kusogezwa.

Sasa tukiwa tunamsikiliza hivyo, akaja mama mmoja wa makamo kwa miguu. Miwani yake imefungwa kamba nyuma ya kichwa, na mkoba begani ulikuwa mzito kiasi kwamba anatembea upande. Akatusalimia vizuri, akauliza karakana ya Fundi Spoki.

Redio: Pancha au breki?

Mama: Nimemletea vyuma vyake.

Wote watatu wakasimama. Jaji akampisha benchi, akamwambia mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue methali yake ikakaa mahali pake. Mimi nikammiminia kahawa kabla hajakaa. Kumbe mnoaji ndiye yeye mwenyewe. Redio akamuuliza kwa nini hakutuma kwa basi kama vilivyokwenda.

Mama: Vilikwenda vikiwa butu, hakukuwa na cha kuharibika. Sasa hivi meno yakigongana njiani, kazi yangu yote imekwenda. Nimevivisha mpira, nikavipakata.

Redio: Na tutajuaje kwamba ni vyenyewe?

Niliona aibu kwa niaba ya mtaa mzima. Lakini mama wa watu hakukasirika. Akafungua mkoba, akamwonyesha kwenye shina la chuma vitobo vitatu vilivyogongwa kwa nyundo, alama ya mwalimu wake Fundi. Redio akavigusa kimoja kimoja, akasema sawa, nilikuwa najua.

Jaji: Samahani, dada. Kwa faida ya hawa. Ukinoa, chuma si kinapungua?

Mama: Kinapungua, unywele tu. Jino kwa jino, kwenye jiwe linalozunguka, na yote lazima yalingane. Jino moja likizidi wenzake, hilo moja ndilo linafanya kazi, mengine yanatazama. Hiki kinaweza kunolewa tena mara kadhaa. Siku kikifika mwisho nitamwambia.

Jaji: Ndicho nilichokuwa nawaeleza.

Fundi alikuwa ameshatoka. Sijui alisimama hapo tangu saa ngapi. Alimwamkia mgeni, akapokea kile chuma cha kukata hesi kwa mikono miwili, akakigeuza kwenye mwanga. Akapitisha jino juu ya ukucha wake. Halikuteleza. Liling'ata, likaacha unga mweupe. Akajaribu ukucha mwingine, kama mtu anayedhani ameota.

Fundi: Haya. Nateremsha fremu.

Akaiteremsha, akaingia nayo. Jaji, Redio na Kipimo wakamfuata moja kwa moja. Mazoea. Miguu iliondoka kabla ya akili.

Mama: Ninyi mnakwenda wapi?

Kipimo: Kusukuma.

Mama: Aliponiagizia kazi alisema atakata peke yake.

Wakasimama mlangoni, mikono inaning'inia, hawajui waipeleke wapi. Nikaacha jiko langu nikasimama nyuma yao. Tukamwona Fundi anabana fremu kwenye jiliwa, anaingiza chuma kwenye mdomo wa bomba, anadondosha mafuta, anakamata mpini. Akafumba macho. Mimi nilikuwa namwomba Mungu, sifichi. Nilikuwa najiambia huyu mtu akiondoka, nitaendelea kuuza kahawa, lakini nitakuwa nauza kwa ukuta.

Siku zile za kusukuma, ile kazi ilikuwa inalia kama mbuzi anayeburutwa. Tulikuwa tumejiandaa kwa kelele hiyo. Haikuja. Ikaja sauti ndogo, kama cherehani ya Kipimo inapopita kwenye kitambaa chepesi. Fundi alizungusha nusu, akarudisha kidogo, akazungusha tena. Alifumbua macho, akaangalia mkono wake, akaangalia mpini. Akaachia mkono mmoja. Akaendelea na mmoja ule ule tulioambiwa umekwisha. Chuma kikawa kinatoka kwenye bomba kimejikunja, kirefu, bila kukatika, kama ganda la chungwa linalomenywa na mtu mwenye subira. Alipomaliza upande wa kwanza akahamia wa pili, kisha akasawazisha midomo yote miwili. Kahawa ya mgeni ilikuwa bado ya moto.

Fundi akakaa juu ya kreti. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

Fundi: Kumbe mkono wangu ni mzima.

Kipimo akageuka ukutani. Redio akasema vumbi la humu ndani halifai. Mimi nililia waziwazi, kwa nini nijibane? Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru mwenye pancha ambaye hata jina lake hatulijui, na yule mama mwenye miwani ya kamba nikamshika bega. Mwaka mzima mwenzetu alikuwa anajiona mzee aliyekwisha, na alikuwa ameshaanza kutugawia spana zake, kumbe ni meno tu.

Alimpigia binti yake pale pale. Tulisikia upande mmoja, lakini ulitosha.

Fundi: Nimekata, mwanangu. Peke yangu. Ndiyo, kwa huo huo wa kulia. Hapana, usilie wewe, nimeshalia mimi. Chumba hicho msikijaze vitu. Nitakuja sikukuu, niwe mgeni, halafu mnirudishe.

Tukatoka nje, tukakaa. Mgeni akawekwa katikati ya benchi, na Redio akakaa chini kwenye ndoo. Akanywa kahawa yake taratibu huku anawatazama wale watatu mmoja mmoja, na nikaona kuna kitu kinamsumbua.

Mama: Nina swali moja tu.

Jaji: Uliza, dada. Hapa tunajibu.

Mama: Vilipofika kwangu, vile vyuma havikuwa na jino hata moja linalokata. Mtu mmoja asingeweza. Wawili wangetaabika. Nani alikuwa anasukuma?

Redio: Sisi hapa.

Mama: Muda mrefu?

Kipimo: Mwaka. Na zaidi kidogo.

Mama: Kila siku?

Kipimo: Kila ikija fremu.

Mama: Na mlikuwa mnapata nini?

Wakaangaliana. Nikajibu mimi, maana mimi ndiye shahidi. Nikasema hata kahawa walikuwa wananunua wenyewe.

Mama: Wewe una viatu vya kuuza, naviona pale. Wewe una nguo za watu, futi ya kupimia bado iko shingoni. Wewe, kaka, una kiuno, nimeona unavyokaa. Sasa kwa nini mlikuwa mnasukuma?

Jaji akafungua mdomo. Nilimwona akitafuta methali, akaipata, akaiangalia, akairudisha. Redio akaokota kijiwe chini, akakichunguza. Kipimo akashika kifungo cha shati lake mwenyewe kana kwamba kinataka kukatika. Watu waliokuwa wanajua chuma kinavyopata ugumu, jua linavyofanya kazi na mawimbi yanakopita, walikaa pale mpaka baridi ikaingia kwenye vikombe vyao.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimejaa mafuta, kwa hiyo akafanya kama wafanyavyo mafundi wote wenye adabu, akakunja ngumi na kutoa kifundo cha mkono kishikwe. Alianza na mgeni, akamwambia ahsante, dada. Akaja kwangu, akaniita shemeji. Akaenda kwa Kipimo, akaenda kwa Redio pale kwenye ndoo, akainama ili asimsumbue kusimama. Kila mmoja alimwambia ahsante na kila mmoja alimtazama machoni, yeye ambaye kwa kawaida huongea na magurudumu.

Mwisho akafika kwa Jaji.

Fundi: Ahsante, kaka. Mlinibeba.

Jaji akakishika kifundo kile kwa mikono yake yote miwili. Alitikisa kichwa, na akaendelea kukishika.